Kuandaa kiwanja kabla ya kujenga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huwa naulizwa na watu waliokwisha kupata kiwanja na wana hamu ya kuona tofali la kwanza linawekwa. Mengi yanahusu nyumba ya kawaida ya kuishi, ila kanuni ni zilezile hata kwa ghala au jengo la ghorofa chache. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiko makosa yanakozaliwa. Mengine hayahitaji zaidi ya mistari miwili.

Kiwanja nimeshapata. Kazi ya kwanza ni ipi?

Kwenda kusimama pale mvua ikinyesha. Sitanii. Vaa mabuti, beba mwavuli na simu, utazame maji yanaingilia wapi, yanatuama wapi na yanatokea wapi. Piga picha. Nusu saa ya namna hiyo itakusaidia kuchagua nyumba ikae upande gani kuliko wiki nzima ya kubishana juu ya karatasi.

Kama ni kiangazi, tafuta alama. Takataka na majani makavu yaliyonasa kwenye vichaka kwa urefu unaolingana zinakuonyesha maji yalipanda hadi wapi. Mchanga uliojipanga kwa mistari ni njia ya maji. Matope yaliyokauka yakajikunja kama maganda yanakuonyesha palipotuama. Matete au ndago zikistawi mahali pamoja huku pembeni pote pamekauka, ujue chini pana unyevu mwaka mzima. Angalia na kuta za majirani: doa la rangi ya udongo linalozunguka nyumba yote kwa kimo kimoja halikupakwa na fundi rangi.

Halafu uliza mtu aliyekaa hapo miaka mingi. Usimuulize "hapa panajaa maji?" maana kwa heshima anaweza kukwambia hapana. Muulize "yale maji yaliwahi kufika wapi?" Utashangaa mkono utakavyonyooshwa.

Hati ninayo na alama za mipaka naziona. Mpimaji wa nini tena?

Kwa sababu alama hutembea. Trekta huligonga jiwe la mpaka, mtoto huling'oa, jirani hulirudisha "hapo hapo" kwa kukadiria. Uzio nao si mpaka, ni mahali ambapo mtu fulani siku fulani aliona panafaa kuweka nguzo. Mpimaji aliyesajiliwa arudishe alama kwa vipimo vya kwenye ramani, na wewe uwepo, na jirani awepo kama inawezekana.

Mwambie pia akupe viwango vya ardhi, yaani kila sehemu ya kiwanja iko juu au chini kwa kiasi gani. Jicho hudanganya sana. Kiwanja kinachoonekana bapa kinaweza kuwa na tofauti ya sentimita 60 kutoka kona hadi kona, na hizo sentimita 60 ndizo zitakazoamua utanunua kifusi, yaani udongo wa kujazia, kiasi gani. Mwulize vilevile kuhusu haki za wengine ndani ya kiwanja chako: njia ya bomba, laini ya umeme, njia ya miguu, hifadhi ya barabara au ya mto. Unaweza kulimiliki eneo na bado usiruhusiwe kujenga juu yake.

Lazima kibali kitoke kabla sijafyeka?

Kufyeka majani kwa kawaida hakuna shida. Kukata miti mikubwa, kuhamisha udongo mwingi au kugusa kingo za mto mara nyingi kunahitaji ruhusa, na kila mahali pana utaratibu wake. Uliza mamlaka inayohusika kabla mashine haijafika, maana mti ukishaanguka hakuna fomu ya kuusimamisha.

Nitajuaje kiwanja changu kina udongo wa aina gani?

Chimba. Mashimo matano, moja karibu na kila kona ya jengo na moja katikati, yafike chini ya kina ambacho msingi utakaa. Kwa nyumba ndogo mita 1.5 hadi 2 ni mwanzo mzuri. Mzigo wa nyumba hauishii kwenye kitako cha msingi. Chini ya msingi wa mraba, shinikizo hushuka hadi karibu moja ya kumi tu ukifika kina cha mara 2 ya upana wake, kwa hiyo tabaka laini lililojificha chini ya udongo mgumu nalo linabeba nyumba. Usiingie ndani ya shimo lenyewe likishapita kimo cha kiuno. Tazama ukiwa juu, au angalia udongo unaotolewa.

Ukiwa hapo juu, fuatilia rangi inavyobadilika. Udongo wenye wekundu au kahawia inayolingana mara nyingi unapitisha maji vizuri. Kijivu chenye madoa ya kutu kinaonyesha kwamba maji ya ardhini hupanda na kushuka hapo. Maji yakianza kuchuruzika ukutani mwa shimo, pima kina chake na urudi kesho upime tena.

Kuna majaribio mawili ya nyumbani ninayoyapenda. La kwanza, chukua udongo ulioloweshwa kidogo, uviringishe kati ya viganja kama kijiti cha unene wa penseli. Ukivunjika mara moja, mchanga au vumbi limezidi. Ukiviringika hadi wembamba wa milimita 3 na bado ukapinda bila kukatika, mfinyanzi umejaa. La pili, tia udongo nusu ya chupa angavu, jaza maji, tikisa kwa nguvu, uiweke mezani. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, chembe za vumbi huchukua saa kadhaa, na mfinyanzi unaweza kuyachafua maji hadi kesho yake au zaidi. Tabaka zitaonekana kwa macho na unaweza kuzipima kwa rula.

Majaribio hayo yanakusaidia kujua maswali ya kumwuliza mhandisi. Kumwondoa mhandisi hayawezi. Yeye atapeleka sampuli maabara, na penye mzigo mkubwa au mashaka atatoboa ardhi kwa mtambo. Jaribio linalotumika sana duniani ni la nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa kutoka sentimita 76 juu ya bomba la sampuli. Bomba huzamishwa sentimita 45, na zinahesabiwa pigo za sentimita 30 za mwisho. Pigo 4 na pigo 40 ni ardhi mbili tofauti kabisa, hata kama majani yaliyoota juu yake ni yaleyale.

Udongo wangu ni mweusi, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Niuze kiwanja?

Hapana, ila usijenge kama jirani mwenye udongo mwekundu. Mfinyanzi wa aina hiyo una madini, hasa ya kundi la montmorilonaiti, yanayoingiza maji katikati ya tabaka zake nyembamba mno. Ukilowa unavimba na kuinua, ukikauka unanywea na kuacha pengo. Nyumba nyepesi ndiyo inayoteseka zaidi kwa kuwa haina uzito wa kuukandamiza udongo unaovimba. Kibaya zaidi, hauinuki kwa usawa: upande wenye kivuli au bomba linalovuja unabaki na unyevu, upande wa jua unakauka, ukuta unavutwa huku na huku.

Tiba zipo. Tabaka likiwa jembamba, linaondolewa lote na kujazwa udongo usiovimba. Likiwa nene, msingi unashushwa hadi kina ambacho unyevu haubadiliki kwa misimu, au nyumba inakaa juu ya nguzo zilizochimbwa, au juu ya bamba moja gumu la zege lenye nondo. Chokaa nayo ikichanganywa na mfinyanzi kwa kipimo cha maabara hupunguza kuvimba. Ipi inakufaa, hilo ni la mhandisi aliyeona majibu ya sampuli zako, na si la mtu aliyemsaidia shemeji yako.

Chochote utakachochagua, shughulika na unyevu: njia pana ya zege kuzunguka nyumba, mifereji ya paa inayopeleka maji mbali, na bustani ya kumwagilia isiegemezwe ukutani.

Fundi anasema kupima udongo kwa nyumba ya chini ni kutupa hela. Ni kweli?

Fundi huyo huenda amejenga nyumba hamsini na zote zimesimama. Swali ni kama zilisimama juu ya udongo wako. Mnara wa Pisa nchini Italia ulianza kujengwa mwaka 1173, ukiwa na msingi wa kina cha takriban mita 3 juu ya udongo laini, na ulikuwa umefika ghorofa ya tatu tu pale ulipoanza kulalia upande mmoja. Mwaka 1990 ulifungwa kwa wageni, ukafunguliwa tena mwaka 2001 baada ya wahandisi kuchomoa udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, ule uliobaki juu, hadi ukarudi nyuma kiasi. Watalii wanalipa kuuona. Nyumba yako ikiegama hakuna atakayekulipa.

Kuna miti. Niikate yote?

Kata ile inayokalia nafasi ya jengo, njia ya magari na mitaro. Mingine fikiria mara mbili, maana kivuli cha miaka thelathini hakinunuliwi dukani. Mti unaobaki uuwekee uzio wa muda angalau kwenye mstari wa ncha za matawi yake, kwa sababu mizizi mingi inayoulisha iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo na tipa likipita hapo mara ishirini linaiua bila kuigusa. Mti utakufa taratibu mwaka unaofuata na hakuna atakayekumbuka tipa.

Visiki ving'olewe na mizizi minene yake, visikatwe usawa wa ardhi na kufunikwa. Kisiki kikioza chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, kinaacha tundu, na kabla hakijaoza kitakuwa kimeshawaita mchwa. Shimo la kisiki lijazwe kwa matabaka na kushindiliwa kama sehemu nyingine yoyote ya kifusi.

Kwenye mfinyanzi kuna jambo linalowashangaza wengi: mti mkubwa ulikuwa unanyonya maji ardhini kwa miaka, na ukiukata udongo huanza kulowa tena na kuvimba polepole, wakati mwingine kwa miaka kadhaa. Mwambie mhandisi mti ulikuwa wapi hata kama umeshaondoka.

Udongo wa juu wenye rutuba una shida gani? Si ni udongo tu?

Una mizizi, majani yaliyooza na wadudu, na vyote hivyo vinaendelea kuoza na kunywea. Juu yake usiweke sakafu. Vua tabaka hilo, kwa kawaida sentimita 15 hadi 30, eneo lote la jengo na kama mita moja nje yake. Usilitupe. Lirundike pembeni, rundo lisizidi mita 2 kwenda juu, mbali na njia ya maji, na usiruhusu mtu alichanganye na kifusi. Siku ya bustani utashukuru. Nimeona watu wakiuza udongo huu mwanzoni mwa ujenzi na kununua mwingine mbaya zaidi mwishoni.

Mchwa je?

Kichuguu chimbua chote mpaka umpate malkia na vyumba vyake, halafu jaza na kushindilia. Kukisawazisha kwa greda hakutoshi. Okota kila kipande cha mbao kwenye kifusi na kwenye mitaro, vikiwemo vigingi na mbao za kushikilia zege zinazosahauliwa chini. Dawa hunyunyizwa na mtu mwenye ujuzi juu ya udongo uliokwisha kushindiliwa, muda mfupi kabla ya kutandika nailoni na kumwaga zege. Mvua ikinyesha katikati, au fundi akichimba tena hapo, kinga imekatika na inarudiwa.

Nawezaje kugundua shimo la zamani lililofukiwa?

Chukua kipande cha nondo cha mita 1.5, kichongoke upande mmoja, upite eneo lote la jengo ukikizamisha kila baada ya mita moja. Mkono wako utajifunza haraka. Udongo wa asili hukataa kwa namna ileile kila mahali, lakini shimo lililofukiwa linameza nondo ghafla.

Hili nililipata kwa ukaidi wangu. Nilijenga kibanda cha stoo, nikaona ni kitu kidogo, sikupima. Msimu wa pili wa mvua sakafu ikashuka kwenye kona moja, upana wa sinia, na mlango ukaanza kugoma kufunga. Tulipovunja tukakuta chini yake majani ya mabati, viatu, vipande vya chupa na udongo mweusi uliolegea: shimo la taka ambalo aliyeniuzia hakuwahi kulitaja, na mimi sikuwahi kuuliza. Tulitoa takataka zote hadi udongo mgumu, tukajaza upya. Kazi ambayo nondo ingeifichua kwa dakika kumi ilikula siku nne.

Choo cha shimo au kisima cha zamani ni zaidi ya takataka, kuna hatari ya kuzama na ya hewa mbaya. Hapo usimtume kijana na sepetu. Zungushia uzio, ita wenye ujuzi.

Kiwanja kina mteremko. Nikate upande wa juu nijazie chini?

Ndiyo njia ya kawaida, lakini usiache nyumba ikae nusu juu ya ardhi iliyokatwa na nusu juu ya kifusi. Nusu ya kwanza haitashuka, nusu ya pili itashuka, na ufa utafuata mstari wa makutano kama uliochorwa kwa kalamu. Ama uilete nyumba yote kwenye upande uliokatwa, ama msingi wa upande wa kifusi ushuke ukapite hadi kwenye ardhi ya asili.

Piga hesabu ya udongo kabla hujaita tipa. Ukikata eneo la mita 10 kwa 8 kwa kina cha nusu mita, umetoa mita za ujazo 40 zikiwa bado ardhini. Zikichimbuliwa zinafura, na mfinyanzi wa kawaida unaweza kuongezeka kama robo, kwa hiyo kwenye rundo una mita za ujazo 50. Tipa la mita 10 litakwenda safari tano, sio nne. Ukirudisha kama kifusi na kuushindilia, unanywea tena. Watu hukorofishana na madereva kwa sababu mmoja anahesabu shimo na mwingine anahesabu rundo, na wote wana haki.

Ukuta wa kuzuia udongo usiuchukulie kama uzio mnene. Unabeba msukumo wa udongo na, mbaya zaidi, wa maji yaliyonaswa nyuma yake. Weka kokoto nyuma na matundu ya kutolea maji chini. Ukizidi kimo cha kama mita moja, mpe mhandisi auchore.

Kifusi kiwe cha aina gani na kishindiliwe vipi?

Changarawe nzuri yenye mchanganyiko wa chembe kubwa na ndogo, moramu, au udongo wenye mchanga usio na mizizi wala takataka. Mabaki ya majengo yaliyovunjwa yanaweza kufaa yakichambuliwa na kupondwa, ila yakija na mbao, magunia na plasta, yarudishe.

Kimwagwe kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila tabaka lishindiliwe kabla ya kuweka linalofuata. Hapa ndipo watu wengi wanapodanganywa: kifusi cha nusu mita kinamwagwa chote, kompakta (mashine ya kushindilia) inapita juu mara mbili, uso unang'aa kama sakafu, na chini yake kimelegea kama kilivyomwagwa. Kompakta ndogo ya mkono haifiki chini ya sentimita chache hizo. Simama pale ukiwa na rula, au paka alama za rangi ukutani mwa msingi kila sentimita 15.

Unyevu nao una kipimo. Mwaka 1933 mhandisi wa Marekani Ralph Proctor, aliyekuwa akijenga mabwawa ya udongo huko California, alionyesha kwamba kila udongo una kiasi fulani cha maji ambapo unashikana zaidi ya vingine vyote. Pungufu ya hapo chembe zinakataa kuteleza, zaidi ya hapo maji yanakalia nafasi yao. Maabara huupata unyevu huo kwa nyundo ya kilo 2.5 inayoangushwa kutoka sentimita 30.5, pigo 25 kwa kila tabaka, matabaka matatu. Ndiyo maana mhandisi akisema anataka "asilimia 95" anamaanisha asilimia 95 ya uzito mkubwa kabisa wa udongo mkavu, kwa ujazo uleule, uliopatikana kwenye jaribio hilo, na anaweza kutuma mtu aje apime kwenye kiwanja chako.

Kwa mkono: finya udongo kwenye ngumi. Ukifungua na donge likabaki, kisha likavunjika vipande viwili vitatu ukiliangusha kwa kimo cha goti, uko karibu na unyevu sahihi. Likisambaratika mkononi, nyunyiza maji. Likibonyea bila kuvunjika na kiganja kikabaki na tope, subiri likauke.

Nikiacha mvua mbili zinyeshe, si kifusi kitajishindilia chenyewe?

Kitashuka, ndiyo, lakini hakitashindiliwa. Maji hupanga vizuri mchanga safi, ila kwenye mfinyanzi yanazidi kuulainisha. Na kitashuka pale maji yalipopita tu.

Maji ya mvua niyaelekeze wapi wakati wa ujenzi?

Mbali na nyumba kwanza, na si kwa jirani. Ardhi inayozunguka jengo ishuke angalau sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Upande wa juu wa mteremko chimba mfereji wa kukinga maji kabla hujachimba kitu kingine chochote. Mimi huuanza siku ya kwanza, hata kabla ya kusafisha, kwa sababu mvua moja ya usiku inatosha kugeuza mitaro ya msingi kuwa mabwawa.

Udongo uliovuliwa majani unakwenda na maji. Fyeka sehemu utakayotumia tu, acha ukanda wa majani chini ya mteremko, na weka magunia ya mchanga au kitambaa cha kuchujia pale maji yanapotokea. Matope yako yakiziba kalavati la barabara, utakuwa umejenga ugomvi kabla ya nyumba.

Nyaya na mabomba yaliyo chini nitayajuaje?

Waulize wenye huduma waje waoneshe, na mita moja kila upande wa alama zao chimba kwa mkono. Angalia na juu: tipa likiinua bodi chini ya nyaya za umeme ni ajali inayotokea ndani ya sekunde moja, na dereva huwa anatazama nyuma, hatazami juu.

Kuseti nyumba, yaani kuweka alama zake ardhini, kunafanywaje ili kona zisipinde?

Kamba, vigingi, mbao za profaili (zinazoshikilia kamba) na subira. Profaili zikae mita moja hadi mbili nje ya mitaro ili mashine isizing'oe. Kona ya mraba inapatikana kwa 3-4-5: pima mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na ulalo lazima uwe 5. Kwa nyumba yenyewe tumia namba kubwa zaidi, makosa yanaonekana vizuri. Nyumba ya mita 12 kwa 9 ina ulalo wa mita 15 kamili. Pima ulalo wote wawili. Ukipata 15.00 na 15.04, nyumba imepinda, na fundi akikwambia "hiyo tutaimaliza kwenye plasta" mwambie akaze kamba upya.

Kiwango nacho kianzie kwenye alama moja isiyosogea, kama kigingi kilichozungushiwa zege mbali na pilikapilika. Bomba angavu la maji bado ni kifaa cha kuaminika kuliko jicho la mtu yeyote, mradi hakuna povu la hewa ndani.

Mitaro ya msingi imeshachimbwa. Zege lini?

Haraka iwezekanavyo, baada ya kukaguliwa. Kitako cha mtaro kikilowa hulainika, kikikaa juani hupasuka. Ujanja wa zamani ni kuacha sentimita 10 za mwisho bila kuchimba mpaka siku ambayo zege la kusawazisha, la unene wa sentimita 5 hivi, liko tayari kumwagwa. Sehemu iliyozidi kuchimbwa ijazwe zege, isirudishiwe udongo.

Na usalama. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, sawa na gari dogo. Mtaro ukimwangukia mtu mpaka kifuani anaweza kukosa pumzi hata kama kichwa kiko nje. Sheria za Marekani zinataka kingo zizuiwe au zilazwe kuanzia kina cha mita 1.5 isipokuwa kwenye mwamba imara, na udongo uliotolewa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Hata pasipo na sheria kama hiyo, vipimo hivyo ni vya busara. Ngazi iwe ndani muda wote, na baada ya mvua asishuke mtu kabla kingo hazijaangaliwa.

Kisima na shimo la maji taka vikae wapi?

Viamuliwe sasa, kabla ya nyumba kukalia nafasi yao. Umbali unaopendekezwa sana kati ya shimo la maji taka na chanzo cha maji ni mita 30 au zaidi, shimo liwe upande wa chini wa mteremko, na kitako chake kikae angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Udongo wa kichanga au mwamba wenye nyufa unahitaji zaidi. Uliza pia jirani kisima chake kiko wapi, maana mita 30 hazijui uzio.

Zamani hapa palikuwa na gereji. Kuna tatizo?

Huenda lipo. Mafuta, asidi za betri na risasi hukaa ardhini miaka mingi. Udongo wenye harufu ya mafuta au rangi isiyo ya kawaida upelekwe maabara kabla haujahamishwa, kwa sababu ukishausambaza kama kifusi umetengeneza viwanja viwili vibovu.

Nitumie mashine au vibarua?

Kung'oa visiki vikubwa na kukata mteremko, mashine. Kumalizia mitaro, kingo na sehemu zenye nyaya, mikono. Kabla mashine haijaingia, pima lango na kona ya barabara, uamue na rundo la mchanga litakaa wapi. Nimewahi kuona kokoto zimemwagwa juu kabisa ya mahali pa chumba cha kulala, na vijana wakazihamisha kwa toroli siku mbili.

Udongo uliobaki nifanye nini?

Ule wa juu unasubiri bustani. Wa chini ulio safi tumia kuinua njia na kujaza nyuma ya kuta, kwa matabaka kama kawaida. Unaozidi hapo, mpe anayeuhitaji na andika namba ya gari na unakokwenda. Ukiwaachia madereva wachague wenyewe, mwingine atakwenda kuumwaga kwenye mkondo wa maji ulio karibu zaidi, na mvua ijayo itaurudisha kwako.